Mavyaa Ameahidi Njiwa wa Harusi, Nami Kwenye Buti Nina Bunduki

Mpendwa Shangazi Moraa,

Kwanza salamu, halafu naomba unishike mkono kabla sijaumbuka mbele ya ukoo mzima, maana ulimi wangu mwenyewe ndio ulioniponza na hapa nilipo sijui nilie au nicheke, ingawa mume wangu yeye ameshachagua kucheka.

Mie Mzanzibari, naishi Lozells, hapa Birmingham, na mume wangu Idarous, kazi yangu ni kung'arisha pete na bangili kwenye karakana moja kule Hockley, kazi nzuri lakini ya kuinama kutwa, jioni shingo haigeuki, na mwaka juzi mwenzangu wa kazini, Fiona, Mkenya mwenzako, akaniambia, "Dada, hebu toka humu ndani upigwe na upepo," akanichukua Jumamosi moja hadi kiwanja kilicho nje ya Sutton Coldfield ambako wanawake wanajifunza kulenga shabaha, wanarusha visahani vya udongo angani kwa mashine na wewe unavipasua kwa bunduki kabla havijaanguka, na mie nilikwenda kumridhisha tu, nimevaa baibui langu na viatu vya mvua vya kuazima, lakini kisahani changu cha kwanza kilipopasuka, Shangazi, nilipiga kigelegele mpaka mwalimu akaja mbio akidhani nimeumia bega.

Basi ndiyo nikanasa. Nikaomba cheti cha kumiliki bunduki, polisi wakaja nyumbani wakakagua kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa bolti, wakaniuliza maswali mpaka ya afya yangu, wakanipa, nikanunua bunduki ya mkono wa pili yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake, na wallahi sijawahi kuwa na kitu changu mwenyewe nikakipenda namna hii. Idarous hana neno, ndiye anayenibebea chupa ya chai, anakaa pembeni anajisifu kwa wazungu kwamba yule pale mwenye ushungi ni mkewe.

Tatizo ni mavyaa wangu, Bi Sikuzani, mama yake Idarous, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Ni mtu mwema sana na ananipenda, lakini bunduki anaiogopa hata ya kwenye televisheni, anageuza uso, kwa hiyo aliponiuliza kila Jumamosi naenda wapi nikasema nakwenda kupiga njiwa, na sikusema uongo, kwa sababu Waingereza wenyewe kile kisahani wanakiita njiwa wa udongo, ila hapo kwenye udongo ndipo nilipomeza mate nikanyamaza. Akaniuliza, "Kwa manati?" Nikasema, "Kitu kama hicho, mama." Basi alivyofurahi! Akanihadithia kaka zake walivyokuwa hodari wa manati, na toka siku ile kila Jumamosi baada ya Magharibi simu inalia, "Haya, leo umepata wangapi?" Namwambia ishirini, siku nikibahatika zaidi, na hiyo ni kweli tupu, kisha anauliza, "Mbona sijaona hata paja?" Nikamjibu kwamba tunawaacha kulekule. Akaguna, akasema, "Mungu awalipe, kulisha maskini si jambo dogo."

Sasa sikiliza lililonifika. Wifi yangu Asmahan anaolewa Glasgow, harusi Jumamosi, na Jumapili yake, pembeni ya mji huohuo, kuna mashindano ya vilabu, na mie na Fiona tumechaguliwa kukiwakilisha kilabu chetu, mie ambaye skuli hata kukimbia na yai kwenye kijiko sikuwahi kuchaguliwa. Nilipopata habari niliruka jikoni peke yangu. Tutasafiri Ijumaa kwa gari letu, mavyaa akiwa kiti cha mbele, na bila kuniambia amewapigia simu wakwe wa Glasgow akawaambia, "Karamu ya akina mama msihangaike na nyama, mkaza mwanangu anakuja na njiwa, tena mwenyewe kawapiga." Wameshaandaa sufuria, Shangazi. Wameshasaga tangawizi.

Na sisi unatujua. Gari halijazima, wajomba na mashemeji wameshafungua buti, kwa sababu mgeni hupokewa mzigo wake, anayekuacha ubebe mwenyewe ndiye asiye na adabu, na ufunguo wa gari ukiingia nyumba ya harusi unakuwa wa ukoo mzima, huyu anatoa viatu, yule anatafuta udi. Nawaona kabisa wanavyouvamia ule mfuko mrefu wakidhani ndimo walimo njiwa.

Idarous ana mawazo matatu. La kwanza, tuseme mle kwenye mfuko mna fidla, kwa kuwa harusi yenyewe ina taarabu. La pili, bunduki yangu niiache nyumbani nichukue ile yake ya upepo anayotungulia makopo kwenye shamba la rafiki yake, ni ndogo, haina makeke, haihitaji cheti, nikifika kiwanjani niazime kubwa ya mtu. La tatu, niichukue yangu niifunike mablanketi, ilale kwenye buti nje ya nyumba ya harusi siku zote mbili, nani atajua? Mie bunduki ya kuazima siiwezi, ni kama kiatu cha mtu, na la tatu linaninyima usingizi, maana cheti kikichukuliwa ndiyo basi, furaha yangu imekwisha.

Niambie nichukue ipi, niiweke vipi garini, na mavyaa nimwambie nini. Au nijitoe tu mashindanoni niseme naumwa? Fiona hajui kama nawaza hivyo. Nikiiandika tu sentensi hiyo machozi yananilenga.

Wako,
Mpiga Njiwa wa Lozells

SHANGAZI MORAA ANAJIBU

Mpiga Njiwa wangu,

Barua yako niliisomea kwenye basi la kwenda mjini, nikacheka mpaka mama aliyekaa kando yangu akahamia kiti kingine. Hongera kwa kuchaguliwa. Hongera tena, kwa sababu najua umepongezwa na watu wawili tu. Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Hilo la fidla lifie hapohapo. Upeleke fidla kwenye harusi ya Waswahili, halafu utegemee wakuache ukae nayo kimya? Utaitwa mbele uipige. Utapiga nini, mama? Mwambie Idarous aipeleke hiyo fidla yake kwa watu wasiopenda muziki.

Wazo lake la pili ndilo baya kuliko yote, na ndilo mnaloliona la salama. Kabla ya kukujibu nimewauliza wanaojua. Bunduki nyingi za upepo, zile zisizo na nguvu sana, huku Birmingham kweli mtu mzima anaweza kuwa nazo bila cheti. Uskoti mnakokwenda sivyo. Kule hata hiyo ya makopo inataka kibali, kwa hiyo mkishapita Carlisle mkavuka mpaka, kile kidude chake kisicho na makeke kinawageuza wahalifu, mama mkwe akiwa kiti cha mbele na pochi yake mapajani. Lakini hiyo yako kubwa inayokutisha, cheti chako kinaitosha huku, Wales na Uskoti pia. Kwa hiyo ya Idarous ibaki nyumbani imefungiwa, na wewe uchukue yako uliyoizoea. Cheti chenyewe kiwe mkobani mwako safari nzima.

Kuhusu gari, fanya hivi na usibishane nami. Hakikisha haina risasi, angalia mara mbili, kisha uifungue vipande. Mitutu na kitako viingie kwenye mfuko wa kawaida usio na picha ya bunduki wala jina la klabu, mfuko ufungwe kufuli na uunganishwe kwa waya wa chuma na mwili wa gari, chini kabisa ya buti, mahali jicho la mpita njia halifiki. Kile kipande cha mbao cha mbele unachoshikia kwa mkono wa kushoto kitoe, ukae nacho wewe, maana bila hicho mwizi amebeba mabomba tu. Risasi ziwe mbali nayo, kwenye sanduku lao lenye kufuli. Mkisimama njiani kuswali au kunywa chai, msishuke wote kwa pamoja ikiwezekana, na ikibidi mshuke, egesheni penye mwanga na watu, mfunge, msikawie. Na tafadhali, mambo ya kuweka picha kwenye WhatsApp, ati "tuko njiani kwenda kushindana", yangoje mpaka mrudi. Nusu ya Birmingham inaona hizo picha, na sio wote ni shemeji zako.

Ufunguo wa gari ni wako peke yako. Najua inauma, kwetu Kisii pia mgeni akibeba mzigo wake majirani wanauliza kuna ugomvi gani. Lakini mtu asiye na cheti haruhusiwi kuwa na hiyo bunduki, hata kama nia yake ni adabu tupu. Mjomba akiubeba mfuko huo hadi sebuleni akauweka juu ya kochi, mmeingia matatani wote wawili, na cheti chako ndicho cha kwanza kuondoka.

Ndiyo maana bunduki isifike kabisa kwenye nyumba ya harusi. Si ndani, si kwenye buti nje, si chini ya mablanketi ya mtu yeyote. Leo hii pigia simu kile kiwanja cha mashindano, uwaulize kama wana ghala la silaha la kuilaza tangu Ijumaa, na kama hawana wakuelekeze kwa muuza bunduki mwenye leseni aliye karibu nao. Wengi huwalazia wenye vyeti, kwa malipo kidogo, lakini piga kwanza, usiende kugonga mlango uliofungwa. Halafu wapigie polisi wa leseni waliokupa cheti uwasomee mpango wako wote, mimi ni shangazi tu. Ijumaa gari lipite huko kabla ya kwenda popote. Mkifika kwa wakwe buti liwe na kanga, halwa na zawadi, na hapo mwache shemeji yeyote alifungue kwa raha zake.

Sufuria ya Glasgow nayo isikutese. Muuza nyama yeyote mzuri wa Lozells ukimwagizia mapema atakutafutia njiwa wa kufugwa au kware, wamechinjwa vizuri, wamesafishwa, unawaweka kwenye sanduku la barafu. Ila usiwapeleke ukisema umewapiga wewe. Hapo ndipo tunapofika kwa mama mkwe.

Wewe unamwita mavyaa, mimi namwita mama mkwe, ni yule yule na anastahili ukweli. Utamketishaje mtu saa tano nzima barabarani mbele ya kitu anachokiogopa kuliko vyote bila kumwambia? Hiyo ni kumkosea. Usimwonyeshe bunduki. Mpelekee kisahani kimoja kizima, kile cha rangi ya machungwa, umwekee kiganjani umwambie, "Mama, njiwa wangu ndio hawa. Na si manati, ni bunduki, na nilikuficha kwa sababu niliogopa utanikataza." Mweleze itakavyofungwa na itakakolala. Akisema hapandi gari hilo, mkatie tiketi ya treni bila kununa. Akinuna yeye, mwache anune, ana haki. Aliwaahidi watu nyama kwa ajili yako, na simu ya kuwaeleza wakwe uipige wewe, si yeye.

Lakini sidhani atanuna sana, na nitakuambia kwa nini. Umeniandikia kana kwamba huyu mama ndiye kizuizi chako. Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta mtu anayekupigia kila wiki kutaka kujua ulipata wangapi. Fiona hapigi, anajua tayari. Ndugu zako sijawaona popote. Ni yeye tu. Mwanamke anayekuombea, anayekusifu kwa wakwe wa mbali kwamba una shabaha, tena bila kuonja hata paja, na wewe unafikiria kujitoa mashindanoni ili usimwambie kwamba yote aliyoyasema juu yako ni kweli.

Hujitoi. Usilitaje tena neno hilo. Leo, kabla ya chakula cha usiku, vaa viatu uende mtaa wa pili ukagonge. Na Jumapili jioni, ukishinda au ukishindwa, usiniandikie mimi kwanza. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza, na safari hii mjibu yote.

Shangazi Moraa