Breki za Diski kwa Gari la Babu

Jumamosi, 7 Juni

Nimeosha gari kama kila Jumamosi. Tope la Nainokanoka, kule mlimani Baba na Mama wanakouza vitunguu, halitoki kwa maji baridi, nimetumia kisu. Nilipofika magurudumu ya mbele nilinusa kitu kilichoungua.

Mama amesema yote. Walikuwa wanarudi kutoka kuuza vitunguu. Kwenye mteremko mrefu wa kutoka kreta hadi geti la hifadhi, Baba alikanyaga breki, pedali ikaenda hadi chini, gari likaendelea. Akashusha gia, akalisugua kwenye ukingo wa barabara mpaka likasimama. Breki zilishapata moto.

Mama anachuliwa mguu wa kulia kwa dawa. Haukuumia popote. Ni kwamba njia nzima alikuwa anakanyaga sakafu, upande ambao hakuna pedali.

Naogopa. Sijawahi kuogopa gari hili.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada alikuja mwenye hoteli moja ya wageni. Anataka kulinunua gari. Si kuliendesha. Atalisimamisha mbele ya hoteli na kupanda maua kwenye boneti, wageni wapige picha. Anasema magari ya zamani kama hili siku hizi ni pambo. Atarudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu.

Mama anataka liuzwe. Baba ameinamia chai yake.

Babu alimfundisha Baba kuendesha kwa gari hili. Mimi nililetwa nyumbani nalo nilipozaliwa. Maua kwenye boneti! Namchukia yule bwana, ingawa alinisalimia vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Fundi Shabani bado yuko kwenye Idi, gereji imefungwa, lakini alituletea pilau mwenyewe. Akalala chini ya gari na kanzu yake nyeupe. Mkewe atamuua.

Maelezo yake: breki zetu ni za dramu, chuma kama sufuria iliyofunikwa. Joto linabaki ndani. Mteremko ukiwa mrefu, zinachoka. Diski iko wazi, inapigwa na upepo, inapoa. Zipo seti za kubadilisha magari ya zamani. Mbele tu inatosha kwanza.

Mama alisimama mlangoni. "Shemeji Shabani, hiyo diski ikishindwa?"

"Ikishindwa mama, nitakuja mwenyewe kupanda hayo maua."

Hakucheka. Lakini pilau alikula.

Jumatano, 11 Juni

Baba amenipa simu yake nichague. Anasema fizikia ya shuleni ndiyo yangu. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

Seti ya kwanza: diski kubwa, hazienei ndani ya rimu zetu. Ingebidi kubadili magurudumu yote. Hapana.

Ya pili: diski na pedi tu. Fundi anasema pampu yetu ya zamani ya breki haitasukuma mafuta ya kutosha, pedali itakuwa ndefu, itazama karibu na sakafu. Mama hataki kusikia habari ya pedali ndefu.

Ya tatu iko kwa muuzaji wa Arusha. Ina kila kitu, hata pampu mpya, na rimu zinabaki zilezile. Ndiyo hii.

Muuzaji alituma fomu. Anataka mwaka wa gari, na idadi ya boliti za habu, yaani pale katikati panaposhika gurudumu. Mwaka nimeutoa kwenye kadi ya gari. Jedwali lake linaonyesha mwaka huo ni boliti sita. Nimeandika sita. Mwandiko wangu bora kabisa.

Baba amesaini bila kusoma. Nimejivuna kidogo.

Jumanne, 17 Juni

Seti imefika na basi. Diski zinang'aa, unajiona uso.

Haziingii.

Fundi alifungua gurudumu la kushoto, akajaribu, akageuza, akajaribu tena. Kisha akaanza kucheka. "Injinia, umehesabu boliti au umesoma kadi?"

Nikasema kadi.

"Kadi ni ya bodi. Hii miguu, ekseli na habu zake, babu yako aliitoa kwenye gari lililokufa Mbulu. Mimi nilimshikia jeki. Baba yako alikuwa bado shuleni."

Gari lolote la zamani hapa Karatu ni vipande vya magari matatu. Kila mtu anajua. Mimi niliamini karatasi. Kuhesabu kungechukua dakika moja.

Baba aliniambia si kitu. Kisha akapitisha mkono kwenye boneti taratibu, kama mtu anayeaga. Sijala.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Mama mwenyewe. Nilidhani atafurahi, sasa gari litauzwa. Aliomba kuiona fomu. Ameitazama muda mrefu.

"Umeandika vizuri. Haya, twende ukahesabu."

Alichukua kitambaa akafuta grisi, kanga yake ikachafuka. Nane. Akasema nihesabu tena. Nane.

"Na upande wa pili?"

Nikamwambia ni ekseli moja, upande wa pili ni hivyo hivyo.

"Hata juzi ulikuwa na hakika."

Tukazunguka. Nane.

Muuzaji amekubali kubadilisha kwa sababu hatujafunga kitu. Seti imerudi na basi la mchana. Safari hii nimetuma na picha.

Sielewi kwa nini Mama alinisaidia. Sijamuuliza.

Jumatatu, 23 Juni

Zimeingia! Zote mbili. Fundi alinipa spana nikakaza boliti ya mwisho. Nane.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya mafuta kunataka mtu wa kukanyaga pedali. Baba alikuwa shambani. Mimi nilishika chupa ya kukingia mafuta. Fundi akamwita Mama.

Akapanda, akakaa kiti cha dereva kwa mara ya kwanza maishani. Kanyaga. Shikilia. Achia. Tena. Karibu nusu saa.

"Mama, una mguu wa dereva."

"Mguu huu umekanyaga breki miaka kumi na tano, Shemeji. Ila breki yenyewe haikuwepo."

Fundi alicheka mpaka akamwaga mafuta. Mama mwisho naye akacheka. Kabla ya kushuka aliikanyaga mara moja zaidi, bila kuambiwa.

Baba amejaribu gari barabara ya Mbulu. Anasema linasimama. Mama amesema barabara ya Mbulu si mlima. Jumamosi atapanda naye. Atakachosema akishuka ndicho atakachojibiwa yule bwana wa hoteli.

Jumamosi, 28 Juni

Tumekwenda Nainokanoka wote watatu. Mimi katikati. Vitunguu vimeisha kabla ya saa sita.

Kurudi kulikuwa na ukungu mzito juu ya kreta. Baba alisimamisha gari kabla ya mteremko, akakanyaga breki mara mbili, akaondoka. Magari ya watalii yalitupita.

Nilikuwa natazama mguu wa Mama. Kona ya kwanza alikanyaga sakafu kwa nguvu. Ya pili pia. Kisha gari la mbele likasimama ghafla, nyani walikuwa barabarani. Baba akagusa pedali. Tukasimama. Ndivyo tu.

Tukaendelea. Mama alifungua mfuko akatoa yai la kuchemsha, akaanza kulimenya, maganda kwenye kanga. Miguu ameikunja chini ya kiti. Nusu akampa Baba.

Getini nilishuka nikanusa magurudumu. Vumbi tu.

Niliporudi kukaa, Mama aliniuliza chumvi niliiweka wapi. Safari ijayo, akasema, ataibeba mwenyewe.