OMBI LA SEREMALA NA KITI CHA WASIOZALIWA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA USHIRIKA WA SHAMBA LA MITI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni, alasiri
Mahali: Karakana ya Seremala (ufunguo wa ofisi anao Dereva)

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Seremala, Mama Miche wa kitaluni, Fundi Cherehani, Katibu (shemeji yake Seremala, na wajumbe wanajua)

Hakuhudhuria: Dereva, bila udhuru, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba maliasili ni mali ya umma, na siasa ya maendeleo isiyojali vizazi vijavyo ni unyonyaji uleule uliobadilishwa nguo. Alieleza kwa kirefu. Katibu ameandika yanayotosha.

KUMB. NA. 2/14: OMBI LA KUKATA MITI
Seremala aliomba kukata miti michanga iliyobaki, apate mbao za madawati aliyoagizwa. Alisema akikosa kazi hiyo atafunga karakana. Mama Miche alijibu kwamba machipukizi ya miti iliyokatwa mwaka jana hayajafika hata kiunoni, "na wewe kaka umeyaona." Seremala alimwambia aliyeshiba asimfundishe subira. Mwenyekiti aliwasihi wapunguze jazba.

Mwombaji hapigii kura ombi lake. Fundi Cherehani na Katibu walikubali. Mwenyekiti na Mama Miche walikataa.

KUMB. NA. 3/14: KURA YA KITI
Kwa kanuni zetu, kura zikilingana huamua Kiti cha Wasiozaliwa, ambacho wajumbe hukikalia kwa zamu na kusema kwa niaba ya watoto wajao. Zamu ilikuwa ya Seremala. Katibu alipendekeza arukwe. Seremala alisema, "Zamu ni zamu, shemeji," akahamia kwenye kiti.

Kisha alisema, "Sisi tunakataa. Miti ibaki." Mama Miche alijifuta macho. Akiwa bado kitini, Seremala aliongeza, "Ila tunauliza, wakati miti yetu inakua, baba yetu atakula nini?"

Mwenyekiti alipongeza ushindi wa ushirika na kutaka twende kwenye Mengineyo. Katibu alikataa kuandika kwamba ajenda imefungwa, kwa kuwa walioshinda ni wote na atakayefunga karakana ni mmoja.

KUMB. NA. 4/14: KUFUNGA
Wajumbe waliondoka saa kumi na mbili jioni. Seremala alibaki kupanga viti.

Mwenyekiti: amesaini.
Katibu: atasaini swali la Kiti likijibiwa.