Boga Mlangoni

Marfa, 1 Oktoba 2018

Baba yangu mpendwa,

Nabusu mkono wako. U mzima? Goti limetulia? Mbuzi je? Sisi ni wazima kupita kiasi, maana mume wangu (acha niandike tena: mume wangu) anaimba hata akipiga mswaki.

Tulifunga ndoa Ijumaa, kwenye ile mahakama ya rangi ya waridi yenye kuba. Nilivaa gauni la marehemu mama. Hukuja, na sababu naijua: Wendell alikupigia simu kukuarifu, badala ya kuleta wazee waniombe kwako, nawe ukachomoa waya wa simu ukutani. Baba, hakukusudia dharau. Alikulia Houston bila mzazi hata mmoja, nani angemfundisha?

Fungate yetu ni barabara. Alfajiri tunatoka, jioni tunarudi katika mji huu wa wachoraji, ambako hata kituo cha zamani cha petroli kimejaa picha, na mojawapo ni ya Wendell! Jana njia ya Fort Davis ilikuwa nyasi za rangi ya mkate mpaka milimani, paa wakikimbia sambamba nasi. Alisimamisha gari ili anitazame nikiwatazama.

Alhamisi ya tarehe 11 tutateremka Presidio, kisha tufuate njia ya mtoni. Tutabisha kwako. Nina kila kitu isipokuwa baraka yako. Tufungulie.

Binti yako,
Amparo

Presidio, 5 Oktoba

Binti yangu,

Salamu zimefika. Goti linauma. Mbuzi hawajambo, na wana adabu kuliko watu wa Houston.

Babu yako alipomtaka bibi yako, washenga wawili walivuka mto kwa farasi, kofia mkononi, wakaomba, wakangoja jibu siku kumi na tano. Nami nilimposa mama yako hivyo hivyo. Huyo wako alinipigia nikikamua mbuzi, akasema ana habari njema. Nikadhani nimeshinda bahati nasibu.

Alhamisi sitakuwepo. Jibu lake atalikuta mlangoni.

Baba yako,
Eulalio Luján

Marfa, 13 Oktoba

Baba mpendwa,

Nakusalimu, na pole kwa goti.

Tulikuja. Mlango ulikuwa umefungwa, na kizingitini palikuwa na boga, kubwa, umelipangusa hata vumbi. Kwetu nani asiyejua boga humwambia mposaji nini: hupewi, nenda zako. Nani, isipokuwa Wendell? Alilinyanyua kama kichanga. "Mzee katupa zawadi ya harusi," akasema, na machozi yakamlengalenga. Sikuweza kumwambia.

Akalikalisha katikati yetu, akalifunga mkanda. Baba, umeishi kando ya barabara ile maisha yako yote, lakini hujaiona ukiwa na furaha na huzuni kwa pamoja. Ilipanda mpaka nikaona mto chini kama utepe, majabali mekundu upande wetu na upande wa Mexico, halafu ikaporomoka hadi tumbo likabaki juu. Kila penye mandhari alisimama, akachora, na boga akalichora pia. Tulirudi kupitia Alpine jua likizama.

Jana akalioka kwa sukari guru na mdalasini, akawaalika majirani. Mzee Ornelas, kinyozi, alicheka mpaka akakohoa, kisha akamweleza. Wendell akaweka kijiko chini.

"Basi sijakataliwa," akasema. "Mtu hakataliwi kabla hajaomba."

Akamaliza sahani yake, akamwomba Mzee Ornelas na Bi Herminia wa duka la mikate wawe washenga wake. Najivunia yeye, Baba, hata sijui niuweke wapi moyo wangu. Watakuja Jumapili ya tarehe 21. Wakatae ukitaka, lakini wasikilize.

Binti yako,
Amparo

Presidio, 23 Oktoba

Binti yangu,

Mimi mzima. Natumaini nanyi pia, hasa yeye, maana jua lilimchoma.

Washenga walifika. Ornelas alivua kofia, akaniomba mkono wa msichana Amparo. Nikauliza msichana yuko wapi. Akajibu, "Yuko nyumbani kwa mumewe." Bi Herminia akamkanyaga mguu.

Kijana wako alibaki nje langoni, kama mposaji apasavyo, kofia mpya mkononi na karatasi ya bei bado inaning'inia. Niliwachelewesha wageni kwa makusudi. Kahawa ya kwanza, ya pili, habari za mbuzi wote mmoja mmoja. Saa mbili nzima. Gari lake lilikuwa na kivuli, hakukisogelea. Mimi nilingoja hivyo saa moja tu kwa mama yako, na miaka thelathini nikajisifu kwake.

Washenga nimewapa siku kumi na tano, maana desturi ni desturi, na nikiivunja Ornelas atanitangaza dukani kwake. Tarehe 5 Novemba njooni wote mlisikie jibu mbele ya watu. Nimeshawaalika jirani zangu, na mbuzi mmoja hatakuwepo kuwasalimu. Nitakaposema ndiyo, mshtuke kidogo, kwa adabu.

Baba yenu,
Eulalio