Mama na Viboko wa Ruvu

Alhamisi, 9 Desemba 1954

Tumerudi pwani tena. Mchanga kwenye viatu, kwenye mkeka, mpaka kwenye uji wa mwanangu Tekla. Mdogo wangu Klementi alimpakia Mama nyuma ya baiskeli kutoka Kinondoni mpaka Msasani, mimi na Tekla tukifuata kwa miguu. Watu njiani walicheka. Mama naye akawapungia mkono kama mke wa Gavana.

Bahari haimpendezi. Kila siku tunampeleka na kila siku jibu lake ni lile lile: maji yote haya na hayanyweki, ya nini? Anakaa mbali nayo, ameipa mgongo, ananusa ugoro wake. Nimetumia likizo yangu nzima ya ualimu kumtoa Tabora kwa treni ili aione. Nimeudhika. Nimecheka pia.

Miguu yake imevimba. Anasema ni joto la huku.

Jumamosi, 11 Desemba

Leo nimejua anachokitaka.

Klementi alikuwa anausifia mji wake. Huyu mdogo wangu tangu apate ukarani na nyumba Kinondoni, hata mbu wa Dar es Salaam kwake ni wazuri. Akasema Ruvu kuna viboko, tena treni yetu ilipita juu ya mto huo huo. Mama akaweka kikombe chini. Tulipopita alikuwa amelala. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima.

Mama ni mzaliwa wa Ugalla, kando ya mto. Akiwa na mimba yangu, Serikali ikasema kuna malale, watu wote wahame. Wakaacha vihenge, mashamba na makaburi. Leo pale ni pori la wanyama tu. Hayo nimeyasikia tangu utoto. Nilichokuwa sikijui ni kwamba utoto wake wote alilala kwa sauti ya viboko. Anasema walikuwa wakicheka mtoni usiku, akianza mmoja wote wanapokea, na mtoto mwenye kudeka aliambiwa kwamba wanamcheka yeye. Tangu wahamishwe hajawasikia tena. Miaka yote hiyo, na hakuwahi kunitajia.

Tekla akataka kujua wanachekaje. Bibi yake akavuta pumzi aige, kikohozi kikamkamata. Hakikuisha upesi. Klementi akakimbilia maji.

Jumapili, 12 Desemba

Tulipotoka misa tulimkuta Kondo barazani. Ni jirani wa Klementi, Mzaramo, dereva wa lori la mkaa. Tangu siku ya kwanza alipojua sisi Wanyamwezi, Mama hana raha asipomwona. Watani wamekutana. Yeye humwita Mama mpagazi wake, humuuliza mzigo wa pembe ameutua wapi. Mama humjibu kwamba Mzaramo hajui uzito wa mzigo, anajua uzito wa ngoma tu. Wanatukanana mpaka chai inapoa. Mimi mtu mzima naona haya. Wao hawana haya hata kidogo.

Habari ya viboko ilimfikia Kondo kabla hajamaliza kikombe. Akasema kumbe jambo dogo. Kila Jumamosi lori lake huenda Ruvu kufuata mkaa, kwenda na kurudi siku moja. Sisi tutakaa nyuma kwenye magunia. Mama atakaa mbele na dereva, kama bibi mkubwa.

Basi imekuwa safari. Tutachemsha mihogo, tutakaanga samaki, tutachukua chai. Tekla anauliza kama viboko wanakula maandazi. Mama ameshachagua kanga atakazovaa. Sijamwona hivi tangu Baba afariki.

Jumanne, 14 Desemba

Nimempeleka hospitali kwa sababu ya miguu. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Daktari alimsikiliza kifua, akambonyeza miguu, kidole kikaacha shimo. Kisha akamtuma dresa, msaidizi wake, aniite mimi peke yangu.

Moyo umechoka. Ndivyo alivyosema. Maji yanamjaa mwilini kwa sababu moyo hauwezi kuyasukuma. Kuna vidonge, vitasaidia kidogo. Nikauliza habari ya safari. Akauliza barabara ikoje. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

Nilitoka nikamkuta Mama anampa mgonjwa mwenzake ugoro. Hakuniuliza daktari amesema nini. Aliuliza tu kama Jumamosi ni kesho kutwa au bado.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 16 Desemba

Mvua tangu jana. Barabara ya Morogoro imekuwa uji. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Niliona mvua itasema badala yangu.

Kondo akaja amelowa chapachapa, akaniharibia. Alisema lori likizama atambeba Mama mgongoni mpaka mtoni, ili watu waone maajabu, Mzaramo kuwa mpagazi wa Mnyamwezi. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Baada ya kicheko alibaki anahema. Kondo aliona. Akanitazama, nami nikatazama pembeni.

Klementi nimemweleza maneno ya daktari. Akasema bora aende. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema. Yeye ni mdogo. Mama akifia njiani juu ya gari la mkaa, ukoo mzima utaniuliza mimi.

Ijumaa, 17 Desemba

Nimekataa. Nimemfuata Kondo kwake nikamwambia kesho asitupitie.

Klementi amenigombeza mbele ya mtoto. Tekla amelia na hajala. Nilimwambia Mama ni mvua, tungoje barabara ikauke na vidonge vimpe nguvu. Alikuwa anakunja kanga zake. Hakupandisha sauti. Aliniuliza:

"Mwanangu, unaniweka akiba ya nini?"

Nikaenda jikoni nikakaanga wale samaki, maana wangeoza. Tumewala.

Sijui kama nimekosea. Daktari alitikisa kichwa. Nilimwona kwa macho yangu.

Jumamosi, 18 Desemba

Lori lilipita alfajiri. Kondo alipiga honi mara moja. Mama alikuwa ameshaamka, amekaa barazani. Alimpungia mkono.

Siku nzima amenisemesha vizuri tu. Ingekuwa heri anitukane.

Jumatatu, 20 Desemba

Miguu imepungua! Vidonge vinafanya kazi. Leo amefagia uwanja bila kuhema, nilipomnyang'anya ufagio akanipiga nao mgongoni. Amekula ugali akaomba tena. Amemsuka Tekla.

Nimekaa naye jioni nikajisemea, Felista, unamlinda mama yako na nini hasa? Akibaki salama kwenye mkeka huu, atabaki akitamani. Nikaondoka, nikaenda moja kwa moja kwa Kondo. Jumamosi ijayo ni Noeli, nikadhani mambo yameharibika. Kondo akasema atamwomba tajiri wake lori liende Alhamisi badala ya Jumamosi. Tajiri amekubali.

Nimemwambia Mama. Alinishika kidevu, kama nilipokuwa mdogo. Akasema twende na mto wa kuegemea, maana Mzaramo hajui kukwepa shimo.

Nina furaha. Naandika ili nikumbuke kwamba leo nilikuwa na furaha.

Jumatano, 22 Desemba

Mama amefariki.

Mchana, baada ya chakula. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu, Tekla anamkuna mgongo. Tekla alifikiri amesinzia. Aliendelea kumkuna.

Mihogo ya kesho ilikuwa imeshamenywa.

Ijumaa, 24 Desemba

Tumemzika jana. Alhamisi. Siku ile ile ya safari.

Baba Tekla hakuweza kuwahi, Tabora ni mbali. Simu yake ya maandishi ya pole imefika. Mimi tangu Jumatano sikuwa nimelia. Nilipika, nilipokea wageni, nilitafuta shuka nyeupe. Watu walinisifu kwa moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Sikuwa nahisi chochote, kama mguu uliokufa ganzi.

Jeneza lilipotoka nyumbani, Padri mbele, waimbaji nyuma, Kondo alikuja akakaa chini katikati ya njia. Amevaa koti lake ndani nje. Miguu ameinyoosha, vumbi mpaka magotini. Akasema hapiti mtu. Marehemu ana kesi naye.

Wote tukasimama. Akaanza kwa sauti ya kupiga mnada. Enyi watu, nimeponzwa na Mnyamwezi. Nimemwombea lori kwa tajiri. Nimemfagilia kiti cha mbele. Nikamwambia, mtani, ngoja lori la Alhamisi. Yeye kuona linachelewa, kapanda la Jumatano! Tena kapanda bure! Wapagazi ndivyo walivyo, wakizoea njia hawasubiri mtu.

Kisha akavuta pumzi akatoa sauti ya kiboko. Sijui alijifunzia wapi, labda huko Ruvu kwenye mkaa wake. Ilitoka tumboni, nzito, ho-ho-ho-ho, ikapanda na kushuka. Watoto wakashtuka. Halafu mtu mmoja akacheka, akapokea mwingine, na umati wote ukaangua kicheko, njia nzima, na jeneza limesimama mabegani.

Padri Mzungu alimuuliza katekista kama yule mtu amelewa. Katekista, naye machozi ya kicheko yakimtoka, akamwambia, "Hapana, Padri. Huyo ni mtani. Yuko kazini."

Mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nikashindwa kukizuia. Klementi akanishika. Tulilia wote wawili katikati ya njia, mimi na mdogo wangu tuliokuwa hatusemeshani tangu ile Ijumaa.

Mtani haachii njia bila kupewa kitu. Nilimpa kikopo cha ugoro cha Mama. Akakipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni, akainuka. Utani ukaisha usoni mwake hapo hapo. Akaenda akatia bega chini ya jeneza, upande wa kichwani. Wengine walipokezana mpaka makaburini. Yeye aligoma kupokewa. Nilimsikia anasema chini chini, si kwa ajili ya watu:

"Nilimwahidi. Leo Mzaramo ni mpagazi."

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Hatukuimba.

Jumatano, 29 Desemba

Tumeondoa matanga. Wageni wamekwenda. Mikeka ya majirani imerudishwa. Nyumba ya Klementi ilikuwa ndogo, sasa imekuwa kubwa.

Kanga zake mbili bado zimekunjwa juu ya sanduku, zile za safari. Nimeshindwa kuzifungia.

Jioni Kondo amekuja. Amenipa shikamoo ya utani, kwamba sasa mimi ndiye mkubwa wa Wanyamwezi hapa. Sikupenda. Akasema Jumamosi anaenda Ruvu, tujitayarishe. Nikamuuliza safari gani, aliyeitaka si amekwenda? Nilisema kwa ukali. Hakukasirika. Akasema safari haikuwa yangu kuifuta, ilikuwa yake na mtani wake, na yeye hataki deni la maiti.

Sitaki kwenda. Nitaonaje kitu ambacho mwenyewe hakukiona, kwa sababu yangu? Tekla amesema yeye atakwenda hata peke yake. Klementi ameshaanza kumenya mihogo.

Jumamosi, 1 Januari 1955

Tumekwenda.

Tulitoka kabla ya jua. Mimi, Klementi na Tekla nyuma, kwenye magunia matupu, weusi kama masizi hata kabla hatujafika Magomeni. Klementi alitaka kukaa mbele, Kondo akamkatalia. Kiti kina mtu, alisema. Juu ya kiti alikuwa ameweka kile kikopo cha ugoro. Akifika kwenye shimo alipunguza mwendo mpaka lori linakaribia kusimama. Kote njiani alikuwa akiyapita mashimo hivyo, taratibu, kwa ajili ya kiti kile.

Mto umejaa, maji mekundu. Tulikaa nyuma ya vichaka, mahali alipotuonyesha. Tukala mihogo. Hatukuona kitu. Mawe tu katikati ya maji. Jua likawa kali. Nikasema moyoni, nastahili nisiwaone.

Halafu jiwe moja likatikisa masikio.

Tekla alinibana mkono. Wakaanza. Kwanza mmoja, sauti ya chini, kisha wa pili akapokea, wa tatu, hadi mto wote. Niliihisi kifuani kabla ya kuisikia. Mama alisema kweli. Ni kicheko. Ni kicheko cha watu wazima wasiokuwa na haraka, na mtu akilala karibu nacho atalala vizuri.

Tekla alijilaza mapajani mwangu akafumba macho.

Tulikaa mpaka Kondo akamaliza kupakia mkaa. Wakati wa kurudi hapakuwa na nafasi nyuma ila juu ya magunia. Klementi akapanda, akampokea Tekla. Nami nilikuwa nimeshatia mguu kwenye gurudumu nipande, Kondo akaniita. Alikuwa amefungua mlango wa mbele. Kile kikopo amekishika mkononi.

"Kaa wewe sasa," alisema.

Nikakaa. Njia nzima alikuwa anakwepa mashimo.