Sahani ya Nyuma ya Mlango

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na usinicheke kabla hujafika mwisho, mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni seremala, na tangu mdogo wangu afariki namlea binti yake wa miaka mitatu, alikuja kwangu mifupa mitupu, nguo zinampwaya, na kliniki wakaniambia utapiamlo huu nisiufanyie mzaha. Sasa nikimpakulia anakula vijiko viwili, halafu anabeba sahani kwa mikono yote, taratibu, anaipeleka nyuma ya mlango wa chumbani, ukimuuliza anajibu, "Ya mama, akirudi safari," maana siku ya mazishi sisi ndio tuliomwambia mama kasafiri, nikaona ni utoto tu, utapita, ila mshauri, nikienda kuichukua ile sahani naikuta nyeupe kama iliyolambwa, na paka hatuna, panya hatuna, mtoto nakuwa naye mwenyewe sebuleni muda wote.

Mume wangu akasema, "Unamdekeza. Mbane pua, mdomo atafungua tu." Jumamosi mchana nikamlaza mapajani, nikambana pua, nikaingiza kijiko cha uji, akatulia ghafla, hakulia, akanikazia macho, akasema kwa sauti ya mtu mzima, sauti ninayoijua, "Bibi Mwiko, usimkabe mwanangu."

Mshauri, Bibi Mwiko ni jina alilonipachika marehemu utotoni kwa sababu nilikuwa namkimbiza na mwiko amalize chakula, hata mume wangu sikuwahi kumwambia. Naye alikuwa amesimama pale pale, akaisikia ile sauti. Tangu siku hiyo mume wangu amehamia kwa kaka yake, anataka mtoto apelekwe kwingine, mtoto anazidi kukonda, na mimi siku hizi napakua sahani mbili, moja nampa yeye, ile ya mama yake naipeleka nyuma ya mlango mwenyewe, kisha nakaa nasubiri. Nifanye nini?

Mama Mkubwa mwenye hofu

*

Pole, mama. Umefiwa na mdogo wako, ukakabidhiwa mtoto, na naona hata kulia hujapata nafasi. Lakini kumbana mtoto pua! Angepaliwa, leo ungekuwa unaniandikia habari nyingine kabisa. Lisirudiwe.

Kuhusu jina, mdogo wako aliishi na bintiye miaka yote hiyo. Unadhani hakuwahi kumsimulia habari za dada yake na mwiko wake? Kuhusu sauti, na hiyo sahani, sina maelezo, na sitajifanya ninayo. Ninachojua ni kwamba mtoto mwenye njaa anamwekea mama yake chakula kwa sababu ninyi wakubwa mlimwambia atarudi. Mmemdanganya, halafu mnamshangaa akimsubiri?

Kesho asubuhi mrudishe kliniki apimwe uzito, na uulizie mafunzo ya wazazi ya kulisha watoto wadogo. Nenda na mumeo. Mwambie mimi ndiye niliyesema, aache kujificha kwa kaka yake kumkimbia mtoto wa miaka mitatu. Huko watawaonyesha: mpeni kidogo kidogo, mara nyingi, uji uliotiwa maziwa au karanga, yai, tunda laini. Ashike kijiko mwenyewe, achafue meza, achafue na nguo, kwani wewe si fundi cherehani? Utamshonea nyingine. Akigeuza uso, muache, umpe tena baadaye. Vitisho hapana, na kumbembeleza kwa peremende hapana.

Ila kabla ya mlo wa kwanza, mpakate umwambie ukweli kwa maneno mafupi: mama amekufa, harudi, na hasikii njaa tena. Atalia. Lia naye. Na useme kwa sauti ya kusikika chumba hadi chumba. Baada ya hapo usipeleke sahani kule tena, hata ukisikia kitu.

Kisha kaeni mle pamoja, maana mtoto hujifunza kula kwa kumtazama anayekula. Nimeisoma barua yako mara mbili, mama, na sijaona mahali popote ulipokula wewe.