Mama Uliyemzika Ukurasa wa Tisa

Mdogo wangu Gwakisa,

Nilikuandikia kwenye simu kuhusu kitabu chako, ukanijibu kwa kialama cha kidole gumba. Basi nakuandikia hadharani, kwa kuwa nawe umetuandika hadharani. Mama hasomi, macho yake unayajua. Wanaosoma hapa Bujonde nimewaomba wafunge midomo, na bahati nzuri wote wanakoboa mpunga kwenye mashine yangu.

Unalikumbuka lile dungu la miti tulilopanda kuamia ndege, katikati ya mpunga wetu? Mimi nilipiga debe na kupaza sauti, wewe ulikaa kivulini ukinisimulia hadithi ulizotunga mwenyewe. Niliona ni haki: mwenye sauti afukuze ndege, mwenye maneno aseme. Siku moja ukamuua bibi kizee wa hadithi yako, yule aliyekuwa akiwapikia yatima, nikalia mpaka ndege wakatua wakala watakavyo. Ukanitazama, ukasema, "Basi dada, nyamaza. Alikuwa amezimia tu." Bibi akaamka, akaendelea kupika. Ulikuwa na miaka minane, na kazi uliijua kuliko sasa.

Kitabu kilikuja na basi. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akalipapasa jalada, akasema "ndaga, ndaga", kana kwamba umesimama mbele yake akushukuru. Akataka nimsomee kila alasiri barazani, kakao ikiwa juani. Nikaanza. Kijana wa kitabu chako ana miaka ishirini na saba na analia kwamba utu uzima unamlemea. Nikasubiri niuone huo mzigo. Halimi, hapiki, hasalimii mtu. Nguo anafuliwa na mchumba, chumba amepewa na rafiki, naye yuko dirishani anautazama moyo wake. Mama Bupe, jirani yetu, alikuwa akigeuza kakao huku anasikiliza, akauliza huyo kijana ameng'atwa na siafu au vipi. Mama akamtetea, kwamba tumwache, bado mtoto.

"Mtoto gani ana ndevu?" akasema Mama Bupe.

Siku hiyohiyo nikafika ukurasa wa tisa. Mama wa kijana anafariki. Mistari minne, Gwakisa, nimehesabu, katika kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na nne. Jina ulilompa ni la mama yetu. Kovu la goti ni lake. Kijana anashuka kwenye basi, anakuta kaburi limeshafukiwa, anapanda basi la kurudi, na tangu hapo eti yuko huru. Sisi tunazika hivyo? Msiba wa Kyela usio na mtu wa kulala matangani, ndugu wa ng'ambo ya mto Songwe hawakuvuka, hata mwanamke mmoja wa kulia hakuna? Ulimnyima mama uhai, ukamnyima na msiba.

Nilikwama hapo. Mama akauliza, "Halafu?"

"Amezimia tu, mama. Wamempepea, ameamka."

"Afadhali," akasema. "Maana huyo mtoto hajui hata kubandika maji."

Tangu hapo natunga. Kila panapotakiwa mama namweka: namkalisha jikoni, namtuma sokoni, namgombanisha na kijana, na ninakuambia ukweli, hapo ndipo Mama Bupe anapoacha kugeuza kakao akasikiliza. Mimi mtu wa mizani na magunia nimekuwa mtunzi kwa sababu ya uvivu wako. Dada sijamwona popote. Kijana wako hana dada. Sasa debe lilipigwa na nani? Mimi nilianza na sinia la vitumbua mpaka nikafika kwenye mashine, na kila hatua nilitazama nyuma kuona kama mama yupo. Kijana wako kila kitu kinamjia chenyewe, na bado ndiye anayeonewa.

Juzi mwalimu mmoja wa Ikolo alikuja mashineni, akavua kofia, akanipa pole ya kufiwa na mama. Nyuma ya jalada wameandika kwamba hadithi imechotwa katika maisha yako. Mama alikuwa palepale ndani, amekaa juu ya gunia anakula ndizi ya kuchoma. Nilimshika mwalimu mkono nikamtoa nje kabla hajaongeza neno. Safari hii niliwahi. Atakuja mwingine nikiwa sipo, na mama atasikia kwa mtu baki kwamba mwanawe amemzika angali anatafuna.

Sasa imebaki sura ya mwisho. Ulivyoiandika, kijana anapita kijijini kwao ndani ya gari, hashuki. Mama ananiuliza kila alasiri kama anarudi nyumbani. Nimemwambia macho yangu yamechoka, tusubiri kidogo. Hiyo sitaitunga. Kumwamsha mama niliweza. Kumrudisha mwana kwa mdomo, halafu mlango ubaki mtupu, siwezi.

Njoo umsomee mwenyewe. Kaa barazani, mama mbele yako, fungua ukurasa wa tisa usome ulivyoandika. Akikuuliza "Halafu?", mtazame usoni umjibu. Ukishindwa, la kusema unalijua, ulinifundisha mwenyewe kule dunguni.

Mpunga umeanza kushika punje na ndege wameshafika. Debe ninalo.

Ni mimi dada yako, nisiyekuwamo kitabuni,

Atupele