Kura ya Amerika na Harusi ya Nekesa

Kitale, wakati wa mavuno

Mama Nekesa mpenzi wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Bungoma. Wewe hujambo? Goti la mama yangu limepoa? Ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi mwili ni mzima ila moyo umechoka. Naomba kaka yako akusomee barua hii polepole, mbali na nyumba, Nekesa asisikie.

Unajua harusi ilikuwa imekubaliwa. Simiyu mchumba wake ni Mkatoliki na mtoto wetu ni wa kanisa la mchungaji wangu, lakini mchungaji alisema atawafungisha ndoa yeye mwenyewe, kwa ajili ya urafiki wake na Bwana wa Simiyu, yule mkulima Mkatoliki mwenye maksai. Wote wawili ni Waamerika. Kila Jumapili walikula pamoja chakula nilichowapikia, wakikumbuka kwao mpaka Memsabu, mke wa mchungaji, anafuta machozi.

Basi huko kwao kumekuja kura ya kuchagua mkubwa wa nchi, na mmoja wa wanaotaka kiti ni Mkatoliki. Kiingereza chao nakisikia sasa. Mchungaji aliweka kijiko chini akasema, "Huyo akishika nchi, Papa wa Roma ndiye atatutawala, na pombe tuliyoipiga marufuku kwetu itarudi."

Mkulima akawa mwekundu kama nyanya. "Kumbe miaka hii yote unanilisha huku unaniona mtumwa wa Papa?" Akachukua kofia yake, na hajarudi. Mungu wao ni mmoja, mke wangu, na kura yenyewe hakuna hata mmoja wao atakayeipiga, maana wote wako huku Kitale!

Mimi nikajifanya mpatanishi. Nikachinja jogoo, nikampika vile unavyompikia mkwe, firigisi juu kwa heshima, nikampelekea mkulima nikasema ni salamu za mchungaji. Kumbe ilikuwa Ijumaa. Wakatoliki hawagusi nyama Ijumaa, nami ningejuaje, nimemlisha Jumapili tu? Alidhani ni dharau. Alirudisha jogoo mzima pamoja na maneno ambayo siwezi kuandika. Mchungaji akaniita mbele ya Memsabu: "Wafula, nani alikutuma?" Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa amekataa kabisa kuwafungisha ndoa. Simiyu anasema twende kwa mapadre, lakini mchungaji ameapa kwamba Nekesa akiingia mlango ule, mimi nitafute jiko lingine. Maji yamezidi unga.

Juzi habari ikafika kwamba yule Mkatoliki ameshindwa. Nilifurahi kama mjinga. Nikapeleka chai, nikasema, "Bwana, si yamekwisha sasa? Watoto waoane."

Akaniangalia kwa huruma, kweli kwa huruma, akasema, "Wafula, baada ya miaka minne wataleta mwingine. Lazima tukeshe."

Msalimie mama yangu, na shemeji anayekusomea, na babake Simiyu, lakini huyo usimwambie neno bado. Nekesa akikuuliza tena siku ya harusi, sijui umwambie nini. Mimi babake nimeshindwa. Nakuachia wewe.

Ni mimi mume wako,
Wafula, jikoni kwa mchungaji